Mizani ya Brina

Gramu mia tano kwa siku, aliandika Bi Ornella
kabla hajapanda ndege, kwa kalamu nyekundu,
na karatasi akaibandika kwenye mlango wa friza:
mnofu, mfupa mbichi, ini kidogo,
utumbo, usiuoshe ukawa mweupe.
Na chini kabisa, kwa herufi kubwa:
MFUPA ULIOPIKWA, KAMWE.

Brina si mbwa mkubwa, wala si wa kubebwa kwapani.
Ni wa kati, kahawia, masikio yamelala,
miguu haijui kukaa.
Maji yakitoka hukimbia kutoka kwenye mivinje
hadi Nguzo ya Mreno, hurudi,
hunikuta bado natembea, hukimbia tena.
Jina lake, niliambiwa, ni umande ulioganda,
kitu ambacho Malindi haijakiona
ila kwa kufungua friza.

Twalib wa buchani hataki hata kivuli chake kizingitini.
Namfunga ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ya stima.
Lakini nyama hukata bila choyo,
shingo, moyo, mapupu,
huifunga gazetini, hunisukumia:
"Kachinjiwa kwa bismillahi, Mwambire.
Mbwa wako anakula halali kukushinda wewe,
unayechinja kuku ukiwa na mnazi kichwani."
Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka.
Ni kweli.

Majirani wa Maweni walisema damu itampanda,
ataanza na mbuzi, atamalizia na mtoto.
Mbuzi bado.
Kuku mmoja, ndiyo. Nililipa.

Kila mwisho wa mwezi nampeleka duka la dawa
lenye mizani ya kusimamia, shilingi ishirini.
Peke yake hasimami, anacheza.
Basi hupanda mimi, nasoma;
kisha nampakata, nasoma;
natoa.
Juni: themanini na tatu, toa sitini na mbili.
Ishirini na moja.
Agosti sikutaka kulipa mara mbili,
uzito wangu si naujua.
Themanini na tatu. Nikasema, hajapungua.
Kijana wa dawa akaniangalia shingoni:
"Panda na wewe, mzee. Bure."
Sitini.
Brina, ishirini na tatu.
Nikamtumia Bi Ornella hesabu ya mbwa.
Akajibu: mpunguzie gramu hamsini.
Hesabu ya pili sikuituma.

Septemba stima ikakatika, Alhamisi.
Ijumaa haikurudi. Jumamosi
maji mekundu yakatoka chini ya friza
yakanifuata mpaka mlangoni.
Nyevu alikuja na sufuria, hakuitwa na mtu.
"Itaoza," alisema. Basi.
Nikapima kwa tochi ya simu
gramu mia nne na hamsini, bila kuzidisha, bila kupunja,
nikaziweka kwenye bakuli.
Zilizobaki hazikuandikiwa karatasi.

Kitunguu, nyanya mbili, tui la nazi moja.
Watoto walikaa kimya kama walio kwenye mtihani.
Ng'ombe mmoja, jioni moja,
yeye mbichi, sisi na sima.
Alimaliza kabla yetu, akaja magotini kwa Dama.
Hakuomba. Alinusa tu moshi wa chungu chetu
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Saa tatu simu ikalia.
"Amekula?"
"Amekula, Mama. Amekula vizuri."
Stima sikuitaja.

Usiku nikaikusanya mifupa yetu, iliyoiva,
ile inayopasuka kama kioo tumboni mwa mbwa.
Nikachimba nyuma ya tangi la maji,
mkono ukazama hadi kiwiko, ukazama hadi bega.
Brina ananitazama, mkia unapiga ukuta,
anadhani ni mchezo.
Nikafukia. Nikaweka jiwe.
Halafu, kwa kuwa namjua,
nikaketi juu ya jiwe mpaka asubuhi.